Kwikwi sugu za mtoto ni nini, na dawa gani za nyumbani zinasaidia

Mtoto akishikwa na kwikwi nusu saa tu, plot nzima inajua na kila mtu ana dawa yake. Huyu anasema uzi, yule sukari, mwingine anataka kumshtua mtoto kutoka nyuma ya mlango, na mama amekaa hapo katikati hajui asikize nani. Mimi naona ukielewa kwanza kwikwi zenyewe zinatoka wapi, utaweza kupima dawa yoyote unayoletewa bila kugombana na mtu.

Iko hivi. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana unaitwa kiwambo, ndio unavuta hewa iingie kwa mapafu. Huo msuli ukijikaza ghafla bila mtu kutaka, hewa inavutwa kwa nguvu, na papo hapo mlango wa sauti pale kooni unajifunga pap, sasa hiyo "hik" unasikia ndio huo mlango kufunga. Kiwambo kinaendeshwa na neva zinazoanzia shingoni zikashuka kifuani, halafu kuna neva nyingine ndefu inatoka kwa ubongo ikipitia kooni hadi tumboni. Kitu chochote kikisumbua hizo neva mahali popote njiani kwikwi zinaweza kuanza, iwe ni tumbo limejaa hewa, soda imenyweka kwa haraka, chapati imemezwa vipande vikubwa, chai moto imefuatwa na maji ya friji, ama mtoto amecheka mpaka akaishiwa na pumzi.

Watoto wachanga ndio wanazipata sana, na zinaanza hata kabla hawajazaliwa, mama mjamzito anahisi midundo midogo inafuatana tumboni, tofauti kabisa na teke. Mwaka 2019 watafiti wa University College London walipima ubongo wa watoto wachanga 13 wakiwa na kwikwi, wakaona kila kiwambo kikijikaza ubongo unapata ishara kubwa, na wanafikiri hiyo ndiyo njia moja mtoto anajifunza kuendesha misuli ya kupumua. Kwa hivyo mtoto wa miezi miwili ana kwikwi lakini ananyonya, analala, anacheka, huyo hana shida, na kusema ukweli anayeteseka hapo ni mama tu.

Sasa sugu ni gani? Madaktari wanahesabu saa 48. Kwikwi zikipita hapo bila kuisha ndio zinaitwa sugu, na zikipita mwezi mmoja hizo ni kaidi kabisa, lakini kwa watoto ni nadra sana. Kuna mwanaume wa Marekani, Charles Osborne, zilimwanza 1922 zikaisha 1990, miaka 68, lakini huyo ni yeye pekee, usimfikirie usiku ukiwa na mtoto mkononi. Hizi za dakika kumi, za saa moja, hata zikirudi kila baada ya kula, bado ni za kawaida.

Dawa za nyumbani zenye maana zinapitia njia mbili tu. Ya kwanza ni kuisumbua ile neva ndefu kooni ili iachane na huo mchezo, na ndio maana kumeza kunasaidia, maji baridi kidogo kidogo bila kupumzika, kulamba limau, kusukutua. Sukari pia iko hapa. Mwaka 1971 madaktari wa Marekani waliandika kwamba walipatia wagonjwa 20 kijiko kimoja cha sukari kavu wakameza, na 19 wakapona. Hao walikuwa watu wazima lakini, kwa hivyo hii ni ya mtoto mkubwa wa shule, nusu kijiko juu ya ulimi inatosha, akiwa amekaa wima. Njia ya pili ni hewa. Mtoto akibana pumzi kidogo, kaboni dayoksaidi inapanda kwa damu na kiwambo kinatulia, mwambie tu avute hewa, abane mkihesabu pamoja mpaka kumi, aachilie polepole. Usimpatie karatasi ya plastiki apumulie, hiyo ni hatari kabisa.

Kwa mtoto mchanga hizo zote weka kando. Yeye dawa yake ni matiti na kutoa hewa. Akishikwa na kwikwi katikati ya kunyonya, msimamishe, mweke begani kichwa kikiwa juu, umpapase mgongo polepole mpaka abeue, halafu umrudishe. Ukibadilisha titi fanya tena. Kama anatumia chupa, iinamishe mpaka chuchu ijae maziwa, juu ikiwa nusu anameza hewa tu. Akishiba mshikilie wima kama nusu saa kabla ya kumlaza. Maji usimpatie kabla ya miezi sita, hata kijiko kimoja cha kutuliza kwikwi, wala asali kabla ya mwaka mmoja, juu asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta sumu ya kulegeza misuli ya mtoto.

Na ule uzi? Shosho anavuta uzi kwa leso, anaulowesha mate, anaubandika kwa paji la uso la mtoto, na baada ya muda kwikwi zinaisha. Zinaisha kwa sababu zingeisha tu, uzi haufiki kwa kiwambo. Lakini sioni haja ya kumvunjia shosho heshima kwa hilo, mwache abandike, wewe uhakikishe tu umetolewa kabla mtoto hajalala usije ukaingia mdomoni, na kama hutaki mate ya mtu kwa mtoto mpe maji ya kikombe aloweshe nayo.

Za kukataa kabisa, hata kama anayeleta ni mtu mnaheshimu, ni kumshtua mtoto, kumvuta ulimi, kumfinya pua, na kumkandamiza macho. Hiyo ya macho inaweza kupunguza mapigo ya moyo ghafla, hata mtu mzima asifanyiwe.

Mpeleke kliniki kama zimepita saa 48, na usingoje hizo saa kama ananyonya vibaya ama amekataa kula, anatapika sana hasa matapishi ya kijani, ana homa, anapumua kwa shida, amelegea hashtuki vizuri, uzito haupandi, ama zimeanza baada ya kuanguka akagonga kichwa. Ukienda beba kile kitabu cha kliniki na dawa yoyote anayotumia, kuna dawa zinazoleta kwikwi, na umrekodi kwa simu zikiwa zimemshika, juu mara nyingi mkifika kwa daktari zinakuwa zimenyamaza na unabaki kueleza kwa mdomo. Andika pia zilianza saa ngapi na kama zinaendelea akiwa amelala, hilo swali lazima utaulizwa.