Jamani, "mimi" wa kwenye hadithi si mwandishi

Wikendi hii nimesahihisha rundo lingine la majibu ya wanafunzi ya fasihi na kwa mara ya mia sijui ngapi nimekutana na sentensi "mwandishi alipigwa na babake akatorokea mjini". Mwandishi gani?? Mwandishi ni mzee mzima, anayesimulia pale ni msichana wa darasa la sita! Watu wakiona "mimi" ukurasa wa kwanza basi washaamua mwandishi anajisimulia. Hapana. Msimulizi anaumbwa kama wahusika wengine tu, anaweza kupewa uongo, ulevi, majivuno, na mwandishi mwenyewe akawa haamini hata neno moja la huyo mtu.

Alama zinapotea pia, maana kwenye KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ukipewa dondoo (maneno yaliyonukuliwa kitabuni) ueleze muktadha wake kwa alama nne, kitu cha kwanza ni msemaji, ukiandika mwandishi ushaliwa. Lakini kinachoniuma zaidi ni utamu unaowapita. Chukua mtoto anasimulia hivi: kila fundi wa redio akija mama hunituma dukani kiberiti, na kiberiti kiko pale mezani, na ile redio haiponi. Mtoto hajui anachosema. Wewe unajua, mwandishi anajua, mnakonyezana juu ya kichwa cha mtoto na hapo ndipo kinaya kilipo, yaani mambo kuwa kinyume na yanavyosemwa au kutarajiwa. Sasa ukisema msimulizi ndiye mwandishi, nani amebaki wa kukonyezana naye?

Dawa yangu ni penseli. Kabla hujafika aya ya tatu andika pembeni nani anasimulia, ana umri gani, na ni kitu gani hakijui. Wananicheka na hiyo penseli yangu lakini sijali.

Halafu hii ya kila kioja kuitwa kinaya. Umepanda matatu ukajikuta umekaa na mtu anayekudai, hiyo ni sadfa, mambo yamegongana tu bila kupangwa. Mtu huyo huyo Jumapili anahubiri riba ni dhambi na wewe anakutoza riba, haya sasa tuongee kinaya. Mhusika mkuu naye si lazima awe mtu mwema, hata mwizi anafaa bora visa vimzunguke yeye. Taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata, haihitaji maiti mwishoni, bahasha isiyofunguliwa mpaka ukurasa wa tano inatosha kabisa. Na mandhari si mahali tu, wakati pia umo.

Kwa dhamira na maudhui sigombani sana na mtu kwa sababu vitabu vyenyewe vinatuchanganya, huku Kenya tunafundisha maudhui ni yale yanayozungumziwa na dhamira ni lengo la mwandishi, ukivuka mpaka pale Namanga ukaingia Tanzania unakuta dhamira iko ndani ya maudhui pamoja na ujumbe, migogoro na falsafa. Kwa hivyo ukidanlodi noti za watu angalia kwanza zimetoka upande gani wa mpaka, usije ukaniambia mwalimu alikosea.