SMES ni kitu gani: umeme unaotunzwa ndani ya sumaku

Ukitaja kutunza umeme watu wanawaza betri za sola, au sisi wa Dodoma tunawaza bwawa la Mtera, maana maji ya pale ndo akiba yenyewe, yakishazungusha mitambo ya Mtera yanashuka mpaka Kidatu yanazungusha tena. SMES (kwa Kiingereza Superconducting Magnetic Energy Storage) nayo ni akiba ila haina maji wala kemikali, nishati inakaa kwenye usumaku wa koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi.

Iko hivi, ukipitisha umeme kwenye koili inageuka sumaku, na usumaku ule una nishati ndani yake. Shida waya wa kopa una ukinzani, umeme unaishia kuwa joto, ukizima chanzo sumaku nayo kwisha. Sasa kuna madini ukiyapoza sana ukinzani unapotea, sio kupungua, unapotea kabisa, ndo supakondakta hizo, mwanafizikia Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliligundua hilo mwaka 1911 akipoza zebaki. Kwa hiyo unaijaza koili ya namna hiyo umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja kama wa betri), unaunganisha ncha zake mbili, mkondo unabaki unazunguka humo humo bila kupungua mpaka utakapouhitaji, unautoa kupitia inveta kubwa inaugeuza AC ya gridi. Ukiongeza mkondo mara mbili nishati inakuwa mara nne.

Kupoza kwenyewe sio mchezo. Koili nyingi ni za niobiamu na titaniamu, zinalowekwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi -269 (mashine za MRI za kupiga picha ndani ya mwili, za hospitali nyingi, nazo ni hivyo hivyo), na mtambo wa kupoza unakula umeme usiku na mchana hata kama koili imekaa tu. Ikipata joto kidogo ukinzani unarudi ghafla, nishati yote inageuka joto na heliamu inachemka. Zipo za kisasa zinazokubali naitrojeni, nyuzi -196, ila waya wake ni ghali.

Kinachochanganya wengi ni kiasi. Mwaka 1983 shirika la umeme la Marekani, Bonneville Power Administration, ilifunga SMES ya megajuli 30 huko Tacoma. Megajuli 30 ni kama uniti 8.3, uniti hizi hizi za LUKU jamani, nyumba yenye friji na TV inazimaliza ndani ya siku chache! Lakini mtambo ule ulikuwa wa megawati 10, ukiumwaga wote kwa nguvu hiyo unaisha kwa sekunde 3. Na ndo kazi yake, laini ndefu za kwenda California zilikuwa zinayumba, nguvu inapanda inashuka, koili inavuta na kurudisha umeme chapchap mpaka mawimbi yatulie.

Huku kwetu ungeiwaza kwenye ile laini ya kilovolti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida mpaka Shinyanga, kilomita kama 670, au pale treni ya SGR inapoondoka stesheni na kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Umeme ukikatika masaa manne SMES haikusaidii kitu.

Kwa hela ya kwetu mi ningenunua betri za lithiamu, nazo zinajibu haraka na zinadumu masaa. SMES waachiwe wenye viwanda vya elektroniki kama Japani, ambako volti ikishuka hata nusu sekunde mzigo mzima uliopo kwenye mashine unaharibika.