“Kosa Lilikuwa Langu”: Dhana Inayowanyima Wafanyakazi Fidia Yao

Wengi wanaoumia kazini wanapofika ofisini kwangu, sentensi ya kwanza huwa ni ile ile: “Wakili, kosa lilikuwa langu, lakini naomba unisaidie.” Huitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba sadaka. Nimeisikia kutoka kwa fundi wa mbao, mpakizi wa magunia, mfagiaji wa kiwandani na mlinzi wa usiku, na nimeamua kuijibu kwa maandishi kwa sababu, katika dhana zote ninazokutana nazo, hakuna inayowapotezea watu haki zaidi ya hiyo.

Sheria ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya majeraha ya kazini nchini Kenya, ambayo sote tumezoea kuiita WIBA, haiulizi kosa ni la nani. Inauliza kama wewe ni mwajiriwa, kama ajali ilitokea ukiwa kazini na kutokana na kazi hiyo, na kama imekuachia ulemavu, uwe wa muda au wa kudumu. Kifungu cha 10 kinamtwika mwajiri wajibu wa kumfidia mwajiriwa aliyeumia kazini, wala hakimtaki mwajiriwa athibitishe uzembe wa mtu yeyote. Mwenendo wake unaweza kumnyima fidia pale tu anapokuwa amesababisha ajali kwa utovu wa nidhamu wa makusudi na wa ukaidi, na hata hapo kizuizi hicho hakimhusu aliyepata ulemavu mkubwa, wala hakiihusu familia ya aliyefariki. Kusahau, kuteleza, kuzidiwa na uchovu mwishoni mwa zamu ya usiku au kunyoosha mkono mahali pasipofaa si utovu wa nidhamu wa makusudi. Ni mambo ya kibinadamu, na sheria ilitungwa kwa ajili ya binadamu.

Tuchukue msumeno wa meza katika karakana ya mbao. Kikinga cha msumeno kiliondolewa zamani kwa sababu kinachelewesha kazi, na kila mtu hapo anajua, msimamizi akiwa wa kwanza. Fundi anasukuma ubao wenye fundo, ubao unaruka, mkono unafuata, na kidole cha shahada kinakatika. Siku chache baadaye, bendeji ikiwa bado mkononi, anaitwa ofisini aandike maelezo huku msimamizi akimsomea maneno ya kuandika: “Sikuwa makini. Sikuvaa glavu.” (Anayeujua msumeno wa aina hiyo anajua pia kwamba glavu inaweza kunaswa na meno na kuuvuta mkono mzima, lakini hilo tuliache.) Karatasi hiyo ndiyo anayoniletea ndani ya bahasha ya eksirei, na jambo linaloniudhi ni kwamba kufikia wakati huo yeye mwenyewe ameshaiamini. Hata kama kila neno lililomo ni la kweli, halina nguvu ya kumfutia fidia.

Ubaya wa dhana hii ni kwamba inamnyamazisha mtu wakati muda unakwenda. Dai la fidia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri kwa upande wake anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, afisa wa serikali anayeamua madai haya, ndani ya siku 7 baada ya kupata habari za ajali, na bosi aliyempeleka majeruhi hospitalini kwa gari lake mwenyewe hawezi kuja kudai kwamba hakuarifiwa. Hata hivyo, anayekaa nyumbani mwaka mzima akijilaumu, kisha akaja kwangu mwezi wa kumi na nne, amenifunga mikono.

Kinachopotea hapo si kidogo. Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia kwenye mapato ya miezi 96, halafu huzidishwa kwa asilimia ya ulemavu iliyotathminiwa. Mfanyakazi wa shilingi 20,000 kwa mwezi aliyetathminiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 10 anadai shilingi 192,000. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, na baada ya hapo njia ya Mahakama ya Ajira na Leba iko wazi.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuchoka, ni huu: siku hiyo hiyo ya ajali, wewe au mwenzako, mtumieni msimamizi ujumbe wa simu wenye saa, mahali, jina la mashine na kiungo kilichoumia. Usiandike neno kuhusu kosa. Ukiletewa karatasi inayosema umepokea kiasi fulani na huna dai jingine, usitie sahihi kabla ya kutathminiwa.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya kwamba mwajiri akishalipa hospitali amemaliza. Hajamaliza. Gharama za matibabu ni deni moja, na fidia ya ulemavu ni deni jingine.

Wengine huambiwa kwamba kibarua asiye na mkataba wa maandishi hana haki. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila jioni umewahi kunitosha kama mwanzo wa ushahidi.

Wapo pia wanaotaka twende mahakamani moja kwa moja “tumshtaki tajiri.” Kifungu cha 16 kinazuia kesi ya namna hiyo dhidi ya mwajiri, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo tarehe 3 Desemba 2019, baada ya mvutano wa miaka mingi. Madalali wa kesi wanaoranda kwenye wodi wanalijua hilo vizuri kuniliko, ila hawalitaji. Kizuizi hicho kinamlinda mwajiri pekee. Ukigongwa ukiwa kazini na lori la kampuni nyingine, mwenye lori bado anashtakika kwa njia ya kawaida, nawe utatakiwa kuthibitisha uzembe. Katika kesi hiyo hutalazimika kusubiri dereva ahukumiwe kwanza katika mahakama ya trafiki, ingawa hukumu hiyo ikipatikana husaidia sana.

Kuhusu madai dhidi ya hospitali na madaktari wenyewe, dhana zinagongana. Kuna wanaoamini kwamba kutia sahihi fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji kumewanyima haki ya kudai, nao wamekosea: uliridhia upasuaji na hatari zake za kawaida, hukuridhia uzembe. Na kuna wanaoamini kwamba matokeo mabaya peke yake ni ushahidi wa uzembe, nao vilevile wamekosea, kwa kuwa ni lazima kuonyesha kwamba daktari alishuka chini ya kiwango cha daktari wa kawaida mwenye ujuzi huo, na hilo kwa kawaida huhitaji daktari mwingine aliye tayari kulisema kizimbani. Malalamiko mbele ya Baraza la Madaktari hayasimamishi muda wa kufungua kesi, ambao ni miaka 3, na dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu. Kabla ya yote, omba nakala ya faili lako la matibabu kwa barua, ukitaja kifungu cha 35 cha Katiba kinachokupa haki ya kupata habari, na ubaki na nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.