Gosipoli: kitu kilicho ndani ya mbegu ya pamba

"Mwanangu, mayai gani haya unayoniletea?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa mtaani kwetu Chake Chake, muuza chapati za mayai. Akavunja moja kwenye bakuli mbele yangu. Kiini kilikuwa rangi ya zeituni, kahawia inayokimbilia kijani. Halikunuka wala halikuwa bovu. Lilikuwa limekaa kabatini mwake kiasi cha wiki mbili tu.

Nilijua nilichobadilisha. Chakula cha kuku kilikuwa kimepanda bei, nami nikachanganya mashudu ya pamba, gunia lililovuka bahari kutoka Tanga. Mashudu ni yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta, si pumba. Wengi huchanganya maneno haya. Yana protini nyingi na bei yake huvutia. Ila yana na gosipoli.

Gosipoli ni kemikali ya rangi ya manjano ambayo mpamba hujitengenezea wenyewe. Jina limetokana na Gossypium, jina la kitaalamu la mpamba, likaunganishwa na fenoli, kundi la kemikali inamoingia. Aliyelitunga ni mkemia wa Poland, Marchlewski, mwaka 1899. Kazi ya gosipoli ni ulinzi. Mmea haukimbii, basi hujitia uchungu na sumu ili wadudu waukinai.

Kuiona si kazi. Pemba ni ya karafuu, na pamba ya biashara hulimwa Bara, hasa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, lakini ukibahatika kupata mpamba mmoja uani kwa mtu, chuma jani ulielekeze juani. Utaona vidoa vyeusi vidogo, kama pilipili manga iliyosagwa ikanyunyizwa. Pasua mbegu kwa wembe, vidoa vilevile vimetapakaa kwenye kiini chake. Hizo ni tezi, na ndimo gosipoli inamokaa. Nyuzi nyeupe tunazotilia utambi au kumwandalia maiti hazina tezi hizo. Karibu zote ni selulosi tupu. (Mito yetu ya zamani ni usufi, wa mti wa msufi. Msufi, mbuyu, bamia na mpamba ni ukoo mmoja, na ua la bamia ukiliweka kando ya ua la mpamba utadhani ni ndugu wa tumbo moja.)

Sasa turudi kwenye yai. Kiini cha yai kina chuma. Kuku akila gosipoli, sehemu yake huingia kwenye kiini, na yai likikaa, gosipoli na chuma hushikana, rangi ikabadilika. Ndiyo maana mayai niliyokula nyumbani siku ileile ya kutagwa yalikuwa mazuri na ya yule mama yakaharibika rangi. Na chuma hichohicho ndicho dawa: watengenezaji wa chakula cha mifugo huweza kutia salfeti ya chuma kwenye mchanganyiko, gosipoli ikashikana nayo humo kabla haijafyonzwa na mwili wa kuku.

Ng'ombe mkubwa ana bahati. Anacheua, na katika tumbo lake la kwanza sehemu kubwa ya gosipoli hufungwa na protini isimdhuru, mradi asilishwe mashudu kupita kiasi. Ndama mchanga bado tumbo hilo halijakomaa. Kwake gosipoli hupiga moyo, na anaweza kuanguka ghafla. Nguruwe na samaki wa kufugwa nao haiwafai.

Joto la kiwandani wakati wa kukamua hufunga gosipoli nyingi, lakini hapo hufungana na laisini, sehemu muhimu ya protini. Sumu inapungua na lishe inapungua. Kwa hiyo magunia mawili ya mashudu yanayofanana machoni yanaweza kutofautiana sana, na mnunuzi hana pa kulitambua hilo kwa kupapasa.

Mafuta ya pamba ya kupikia husafishwa kwa soda kali, gosipoli ikaondoka. Yasiyosafishwa ni kisa kingine: China waligundua kuwa wanaume waliokuwa wakiyatumia vijijini hawapati watoto. Miaka ya 1970 wakajaribu gosipoli kama dawa ya uzazi wa mpango ya kiume, lakini ilishusha potasiamu mwilini, na baadhi hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa. Ikaachwa.

Watu walishazalisha mpamba usio na tezi kabisa, na wadudu wakaufanyia karamu. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wakaja na njia ya kupunguza gosipoli kwenye mbegu tu, majani yakibaki na silaha zake; Marekani iliruhusu kilimo chake mwaka 2018.

Gunia langu lililobaki nilimpa jirani mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Ana na ndama wa wiki tatu, basi tulilihamisha hori mbali naye kwanza, ndipo tukalifungua gunia.