Vyuo vikuu vya Iowa: tunayoyasikia na yaliyo kweli

Familia zinazozungumza Kiswahili zimeongezeka Iowa City na Cedar Rapids, miji ya jimbo la Iowa, Marekani, nyingi zikiwa zimetoka Kongo. Mtoto anapokaribia kumaliza sekondari, swali ni lilelile: aende University of Iowa au Iowa State? Yanayosemwa kujibu swali hilo mara nyingi humpotosha mtoto, na kosa hilo hulipwa kwa miaka minne.

Dhana: Iowa State ni tawi la University of Iowa, la waliokosa nafasi kule.

Sivyo kabisa. University of Iowa ilianzishwa Iowa City mwaka 1847, Iowa State ikaanzishwa Ames mwaka 1858. Kipo na cha tatu ambacho wazazi wengi hawakitaji: University of Northern Iowa, kule Cedar Falls, tangu 1876. Vyote ni vya umma, chini ya bodi moja, na wanafunzi wa sekondari za Iowa hupimwa kwa hesabu ya alama inayofanana. Aliyekamilisha masomo ya lazima na kufikisha alama zinazotakiwa amehakikishiwa kupokelewa, ingawa baadhi ya fani huweka masharti ya juu zaidi.

Dhana: Chenye jina kubwa ndicho bora kwa kila mtu.

Hapa ndipo ninapowasihi wazazi watulie. Jina halimfundishi mtoto. Anafundishwa na kitivo. Anayetaka kutibu mifugo atakwenda Ames, kwenye shule ya udaktari wa mifugo iliyoanza mwaka 1879. Anayelenga udaktari wa binadamu, meno, famasia au sheria, shule hizo ziko Iowa City, pamoja na hospitali kubwa ya chuo. Cedar Falls ilianza kama chuo cha ualimu, na hadi leo ualimu ndio nguzo yake.

Na wanaoidharau Ames wakumbuke kwamba George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani, alipata shahada yake huko mwaka 1894, kisha akawa mwalimu wa kwanza Mweusi chuoni hapo. Huko huko John Atanasoff na Clifford Berry waliunda moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, kabla ya 1943.

Uhandisi unafundishwa Iowa City na Ames pia. Basi uliza zaidi: uhandisi upi? Wa kilimo uko Ames.

Dhana: Chuo binafsi ni cha matajiri.

Ada iliyotangazwa si lazima iwe ndiyo utakayolipa. Grinnell College, chuo binafsi katika jimbo hilohilo, kina ada ya kutisha, lakini hulipia sehemu yote ambayo, kwa hesabu ya chuo chenyewe, familia haiwezi kuilipa, na tangu 2021 kimeacha kutumia mikopo katika msaada huo. Kuingia ni kugumu. Hata hivyo, kila chuo kinachopokea msaada wa serikali kuu kinatakiwa kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Jaza vya vyuo vyote unavyovifikiria, kisha linganisha kiasi kinachobaki baada ya misaada isiyorudishwa. Mkopo usiuhesabu kama punguzo.

Dhana: Kuanzia Kirkwood ni kupoteza miaka miwili.

Kirkwood ni chuo cha jamii (community college, ambako mtu husoma miaka miwili ya mwanzo) kilichopo Cedar Rapids, na ada yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu. Vyuo vikuu vitatu vya umma vina makubaliano na vyuo vya jamii vya jimbo, hivyo masomo ya msingi huhamishika. Ila masomo ya ufundi hayahamishiki yote. Kabla ya kujiandikisha muhula wa kwanza, mwanafunzi apeleke orodha ya masomo yake kwa mshauri wa chuo anachotaka kuhamia, aulize lipi litahesabiwa kwenye shahada yake, na aombe jibu kwa maandishi.