Mgomo Ulitangulia, Chama Kikafuata

Wiki iliyopita nilikuwa na mafunzo ya wawakilishi wa wafanyakazi hapa Mombasa. Siku ya pili, tumetoka tu kunywa chai, kijana mmoja anayeendesha kreni akanyoosha mkono: "Mwalimu, tuseme ukweli. Bandari ingetulia kama si vyama. Chama ndicho kinacholeta mgomo." Nusu ya darasa ikaitikia, na darasa lenyewe ni la watu waliochaguliwa na chama!

Neno hili nimelisikia kwa mameneja, nimelisikia kwa madereva wa malori waliokwama foleni, nimelisikia redioni mpaka nimechoka. Kulisikia kwa mwakilishi wa chama kumenifikisha mwisho. Basi nalijibu hapa, kwa kirefu, nisirudie tena.

Tuanze na miaka, maana miaka haibishani. Makuli wa Mombasa waligoma 1934. Wakagoma 1939, na serikali ikaunda Tume ya Willan kuchunguza. Migomo ikarudi wakati wa vita, 1942. Januari 1947 mji mzima ukasimama. Na chama chao, Dockworkers Union, kilianzishwa lini? 1954. Miaka 20 nzima ya kugoma bila kadi, bila ofisi, bila mhuri, bila katibu wa kumlaumu.

Swali linalofaa kuulizwa basi ni hili: mtu asiye na chama anagomaje?

Anagoma kwa kutokwenda. Ni hivyo tu, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu. Kuli wa zama zile alikuwa kibarua. Neno lenyewe ni letu, watu wa pwani: ni barua ndogo, kikaratasi. Karne ya 19, Unguja na Mombasa, mtumwa aliyekodishwa kwa kutwa aliitwa kibarua, na ujira wake aligawana na bwana wake. Utumwa ulipokwisha, jina likabaki kwa kazi ya siku. Kibarua wa bandari ya Kilindini alifika langoni alfajiri, msimamizi akachagua watu wa genge lake, kazi ikafanyika, jioni pesa mkononi, na mkataba umekwisha. Kesho hakuna anayemdai. Sasa mwajiri atamtisha kwa lipi? Humfukuzi mtu ambaye tangu jana jioni hana kazi kwako. Asubuhi moja lango liko tupu, na meli iko gatini na shehena tumboni, kila saa inakula pesa za wenyewe.

Habari ilipitaje? Ilipita vyumbani. Watu wa genge moja mara nyingi walipanga nyumba jirani mtaa wa Majengo, wakala kwa mama mmoja, wakacheza ngoma pamoja. Ukilala chumba kimoja na watu sita wanaofanya kazi tumbo moja la meli na wewe, huhitaji barua ya katibu mkuu kujua kwamba kesho hakuna kwenda. Na kilichowakusanya hakikuwa ujira peke yake. Katika mgomo wa 1939 kodi ya nyumba ilikuwa kilio kikubwa. Ndiyo maana mgomo wa bandari haukukaa bandarini. Kuli, mfagiaji wa manispaa na mtumishi wa nyumbani walilipa kodi kwa mwenye nyumba mmoja.

Mgomo wa 1947 ulianza tarehe 13 Januari. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi bandarini, relini, hotelini na majumbani, na walikaa hivyo takriban siku 12. Kila siku walikutana penye uwazi walipopaita Kiwanja cha Maskini. Shirikisho lao, African Workers Federation, lilizaliwa humohumo ndani ya mgomo, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Someni tena sentensi hiyo taratibu. Shirikisho halikuita watu kiwanjani. Watu walikuwa wamekwisha kujaa kiwanjani, ndipo wakajitafutia shirikisho. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa akahamishiwa Kabarnet, mbali kabisa na bahari, na shirikisho likadhoofika.

Wengi wakifika hapa husema: "Unaona, serikali ilipiga vita vyama." Nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayonikera kuliko uongo mzima. Serikali ya kikoloni ilipiga vita chama cha kila mtu, kile kilichomweka kuli na mpishi na mfanyakazi wa reli chini ya mwembe mmoja. Chama cha kazi moja, chenye daftari la wanachama na hesabu zilizokaguliwa, ilikitaka. Mwaka huohuo wa 1947 ilimleta Kenya Mskoti aitwaye James Patrick, mtu wa vyama vya wafanyakazi huko kwao, awafundishe Waafrika namna ya kuendesha vyama vya aina hiyo. Walimtoa Kibachia, wakamwingiza Patrick. Hofu yao ilikuwa umati usio na mtu wa kuzungumza naye. Chama kilimaanisha kuna mlango wa kubisha na kuna mtu wa kutia sahihi.

Kama bado una shaka, tazama Machi 1955. Kenya iko chini ya hali ya hatari, Dockworkers Union ni mtoto wa mwaka mmoja, na makuli wanagoma. Tom Mboya anashuka kutoka Nairobi kwa niaba ya shirikisho la vyama. Anafanya nini? Anawasihi warudi kazini ili mazungumzo yaanze. Wanarudi, shauri linasikilizwa, na mishahara inapanda kwa theluthi hivi. Mgomo waliuleta makuli. Chama kiliwarudisha kazini na nyongeza mkononi. Yule kijana wa kreni amegeuza kichwa kikawa miguu.

Si Mombasa pekee. Dar es Salaam makuli waligoma 1939, wakagoma 1943, na tarehe 6 Septemba 1947 wakaanzisha mgomo uliofuata reli ya kati hadi bara. Baada ya hapo ndipo chama chao kikasimama, na Abdulwahid Sykes, ambaye 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, akakifanyia kazi ya ukatibu. Februari 1950 makuli wakagoma tena, ghasia zikazuka mjini, na chama kikavunjwa mwaka huohuo. Unguja, Agosti 1948, makuli walianza na mji mzima ukafuata. Hata London ya 1889, ambayo kila kitabu huianzia, ndivyo ilivyokwenda. Ben Tillett alikuwa na kachama kadogo tu, mgomo ukalipuka Agosti kwa ugomvi wa malipo ya ziada kwenye meli moja, na baada ya wiki tano walipopata peni sita za Kiingereza kwa saa ndipo chama kikubwa cha makuli kikaundwa. Walikula kwa pauni 30,000 walizotumiwa kutoka Australia. Sitaki kukaa sana huko, maana tumeizoea London kuliko Kiwanja cha Maskini, na hilo nalo si sawa.

Mabaharia ni habari nyingine, na hapa wanafunzi wangu huchanganya kila mara. Kuli hugoma kwa kubaki nyumbani. Baharia nyumba yake ni hiyohiyo meli. Akikataa kazi baharini, sheria huita uasi, na kwa muda mrefu hata kutoroka meli bandarini kulimpeleka jela. Marekani iliacha kuwafunga mabaharia kwa kosa hilo 1915, baada ya Andrew Furuseth, baharia mwenyewe mzaliwa wa Norway, kuhangaika na wabunge kwa miaka mingi. Na bado ni mabaharia waliowapa Waingereza neno lao la mgomo, strike. Mwaka 1768, katika mto wa London, walishusha matanga ili meli zisiondoke, na kule kushusha tanga kukawa jina la kuacha kazi. Anayejua jahazi anaelewa mara moja. Nahodha afanye nini, tanga likiwa chini na hakuna mkono wa kulitweka?

Kwa sababu hiyo baharia siku zote amemhitaji kuli. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, lilianza 1896 kwa mabaharia na makuli kuungana. Na tangu 1948, linapopambana na meli za bendera ya kukodi, zile zenye bendera ya Panama au Liberia na mwenyewe yuko kwingine kabisa, silaha yake kubwa ni watu wa gatini wanaokataa kuigusa meli mpaka mabaharia walipwe. Leo kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika 2013. Ni mzuri, usomeni. Lakini karatasi haipakui meli, wala haiizuii.

Nirudi kwa kibarua, maana sijamaliza naye, na hapa nina shaka ambayo sikuwahi kuiandika ubaoni.

Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba kufuta kazi ya kutwa na kuweka ajira ya kudumu kulikuwa ushindi wa chama. Ndivyo nilivyofundishwa nami. Ukifuata mambo yalivyotokea, unakuta mwajiri na serikali ndio walioanza kuusukuma mkokoteni huo. Uandikishaji wa vibarua wa Mombasa ulianza 1944, miaka 10 kabla ya chama, na lengo halikufichwa. Walitaka watu wachache, wanaojulikana kwa namba, wanaofika kila siku, wenye kitu cha kupoteza. Baadaye chama kilikuja kikalichukua lengo hilohilo na kulifanya lake, kwa sababu zake. Mtu wa kudumu analipa ada, ana likizo, ana matibabu, anaweza kuzeeka. Pande mbili zilitaka kitu kimoja kwa nia mbili tofauti, na hadi leo wote wawili wanadai mtoto ni wao.

Kibarua mwenyewe je? Nilipoanza kazi hii, mwaka 1998, nilikuwa nakwenda kumtembelea mzee mmoja wa Majengo, kuli mstaafu. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kama kisigino, mahali gunia la kahawa lilipokaa. Aliuweka mkono wangu juu yake nipapase. Katika ujana wake, akaniambia, alifanya kazi siku 10 au 12 kwa mwezi, akilipa kodi na kununua nguo anavuka kivuko cha Likoni kwenda shamba lake la minazi na mihogo. Ujira wa kutwa wa kuli ulikuwa mzuri kuliko wa mtu wa mwezi, na asipoupenda siku hiyo alikaa chini ya mnazi wake. Kisha zikaja namba. Ukikosa siku zinazotakiwa, unafutwa. Mdogo wake alifutwa. Alikwenda kuvuna nazi, akarudi akakuta namba yake hakuna, na hakuingia tena langoni maisha yake yote.

Nikamuuliza, kijana nilivyokuwa, kwa hiyo mlishindwa? Akakasirika. Akasema pensheni ndiyo iliyomzika mkewe kwa heshima, na watoto wake wanne wamesoma. Nikamuuliza, kwa hiyo mlishinda? Akanyamaza, akamwita mjukuu alete kahawa.

Vitabu vingetaka nichague. Sichagui. Najua kwamba waliopata namba waliishi vizuri kuliko baba zao, na najua kwamba lango lilipofungwa kwa ajili yao, lilifungwa mbele ya wengine. Najua pia kwamba mgomo wa mji mzima, ule wa kuli na mpishi pamoja, uliisha nguvu kadiri kuli alivyopata nyumba ya kampuni na mpishi akabaki na kodi yake. Kutetea mafanikio ya chama bila kuyasema haya ni kuwadanganya wanachama, nami nimekwisha kuwadanganya vya kutosha.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka nami nitakwenda haraka. Tanganyika sheria za 1962 zilifanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vikaunganishwa kuwa kimoja, NUTA, chini ya kivuli cha chama tawala. Kenya ikaunda shirikisho lake la vyama, COTU, 1965. Kisha kontena likaja, na kazi ya genge zima la watu ikawa ya kreni moja na kijana mmoja aliyekaa juu, huyohuyo aliyenyoosha mkono darasani kwangu.

Nilimjibu kwa miaka niliyoitaja hapo juu, na hakuridhika. Wakati wa chakula cha mchana alinifuata na sahani yake akakaa. Akanieleza habari ya vijana wa kufunga makontena melini, ambao siku hizi wanaletwa na wakala. Hawana kadi ya chama, chama hakiwajui hata majina. Wanaitwa kwa simu usiku: kesho zamu ya kwanza, njoo. Mwezi uliopita wakala alipunguza malipo ya zamu ya usiku. Usiku uliofuata alipiga simu, hakuna aliyepokea. Akapiga tena. Kreni ilikaa juu ya meli mpaka asubuhi, na kijana wangu huyu ndani yake, akitazama taa za Likoni.

"Nani aliwapanga?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema. "Wanakaa nyumba moja."