Krisantemu Tabora: kwa nini linachanua likiwa bado fupi

Ulaya na Japani krisantemu huchanua majira ya majani kupukutika, usiku unaporefuka. Mmea huu wa kudumu hupima urefu wa giza. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na usiku wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, urefu unaotosha kuuchanulisha. Kwa hiyo kipandikizi kikishapata mizizi huanza kutunga vitumba, nawe unabaki na kashina kadogo chenye ua moja. Mbolea haitatibu hilo. Dawa yake ni taa.

Mwishoni mwa Februari kata ncha za machipukizi mabichi yasiyo na vitumba, sentimita 5 hadi 8. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga safi wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili au tatu. Hamishia bustanini kwa nafasi ya sentimita 30.

Tangu siku ya kuchomeka, washa taa ya mwanga wa manjano, mita moja hivi juu ya mimea, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Kukatiza giza katikati kunatosha. Si lazima taa ikeshe. Mche ukifika sentimita 15, kata ncha ili utoe matawi. Matawi yakirefuka sentimita 20, zima taa kabisa. Maua hufunguka wiki 8 hadi 10 baadaye, yaani Juni au Julai, mvua zimekwisha na usiku una ubaridi unaokoleza rangi. Krisantemu lililo karibu na taa ya ulinzi huota majani matupu, lihamishe, usilitupe.

Udongo wetu wa kichanga hauhifadhi maji wala chakula, hivyo changanya ndoo moja ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Samadi isiyooza huita mchwa, nao wakiingia kiangazi hutafuna shina kuanzia ardhini. Mwagilia asubuhi, shinani tu. Majani yakilala na maji hupata ugonjwa wa kutu nyeupe: madoa ya manjano juu, vipele vyeupe chini ya jani. Ng'oa na choma mmea huo, usichukue kipandikizi kwake.

Maua yakinyauka, kata mashina sentimita 10 kutoka ardhini. Kila mwaka ng'oa shina mama, pandikiza machipukizi ya pembeni pekee. Katikati huwa kumekomaa na kuchoka.